Ubao wa Futi Tano Kasoro

Huanchaco, siku ya nne baada ya sikukuu ya Mtakatifu Petro

Mwanangu Abelardo,

Salamu utazipata, ila kwanza upate matusi yako. Miaka sita! Nimemuuliza dereva mwenyewe: basi la kutoka huko Iquique mpaka hapa kwetu ni siku mbili tu, na ukichoka unalala kitini. Wewe umeifanya kama safari ya mwezini. Mwaka jana nguruwe wa Bi Eudocia alipotea, akarudi mwenyewe baada ya wiki tatu, na nguruwe hana nauli wala akili. Wewe una vyote viwili, na bado nguruwe amekushinda.

Haya, nimeshatua mzigo. Hujambo mwanangu? Kifua kimepona? Lile vumbi la kusugua mbao bado unalimeza, au umeanza kufunga kitambaa puani kama nilivyokuagiza? Unakula chakula kilichopikwa au mkate na chai kama mfungwa? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo sasa linajua kutabiri baridi kuliko redio. Kaburi la Rosaura mkeo tumelipaka chokaa. Paa halivuji kwa sababu mvua hainyeshi, si kwa sababu ni zima.

Anayeandika ni mwanao Marilú. Mimi kalamu sijawahi kuishika ila kumkabidhi mwingine. Nasema mimi, anaandika yeye, na nimemwapisha mbele ya picha ya mtakatifu kwamba ataandika kila neno kama linavyonitoka, hata likimchoma. Ningeweza kumwita Bi Eudocia aniandikie, lakini barua hii haifai kupita mkono mwingine wowote. Utaona kwa nini. (Baba, shikamoo. Haya ya kwenye mabano ni yangu. Bibi hajui mabano ni nini, anadhani napamba karatasi.)

Kazi inaendelea. Turubai langu lipo palepale karibu na gati, na mbao zangu kumi na moja za kupandia mawimbi zimesimama mchangani kama meno ya kikongwe, hakuna linalofanana na mwenzake. Wageni wanakuja kukodi. Namtazama mtu mara moja kuanzia unyayo hadi utosi, natazama bahari, kisha nampa ubao wake. Hawapendi. Wiki iliyopita alikuja Mjerumani mmoja mkubwa kama kabati, akadai ule mfupi mwembamba wenye michirizi myekundu, eti ndio wanaopanda mabingwa. Nikamwambia kijana, wewe una kilo mia, na bahari leo imelala kama uji. Ukipanda kijiti hicho utazama umesimama wima kama nguzo. Akacheka. Akazama. Alirudi kuuchukua ule mrefu wa sponji huku amenuna, na jioni akaniletea mkate mtamu, akaniita mama.

Haya unayajua, mimi ndiye niliyekufundisha kabla hujajua kutamka jina lako. Mwili mzito unataka ubao mnene. Wimbi la kivivu kama letu halimsukumi mtu, kwa hiyo linataka ubao mrefu na mpana unaoelea wenyewe. Bahari ikiinuka, unataka ubao unaokimbia ukipiga mikono, ulifikie wimbi kabla halijakuvunjikia kichwani. Ule mfupi mwembamba tumwachie mtu mwepesi, tena siku ya wimbi kali. Mwili kwanza, bahari pili, kiburi mwisho. Wengi huanza na kiburi.

Na baba yako Eleuterio, Mungu amweke pema, hakuwa na vipimo vya futi wala lita. Alimlaza mtu mchangani, akanyoosha kamba ya matete toka kisigino hadi utosi, akafunga fundo. Kisha toka kisigino hadi ncha ya vidole, mikono ikiwa juu, akafunga la pili. Akambeba mgongoni kama gunia kuujua uzito wake. Hapo ndipo alipoingia bwawani kukata matete. Hakuna farasi wa matete, kile chombo chetu cha kuvulia, aliyefungwa na mikono yake aliyemtupa bwana wake baharini. Desturi hiyo sijaiacha. Kila mwaka, mtakatifu akisharudishwa kanisani kutoka baharini, namlaza Marilú sakafuni na kufunga fundo lake la mwaka. Kamba yake inaning'inia nyuma ya jiko. Ikumbuke kamba hiyo, nitairudia.

Ubao wako ulifika mwezi wa tano, umeviringishwa kwenye blanketi la kijivu. Marilú alikimbia nao toka kituo cha basi bila viatu, (Nilikuwa na viatu.) akaikata kamba kwa meno. Ni ubao mzuri, sikunyimi sifa. Mweupe kama yai, kingo zimesuguliwa mpaka kidole kinateleza, na chini ya gundi ngumu mwandiko wako, ambao alinisomea kwa sauti: Kwa dagaa wangu, vile ulivyomwita alipokuwa mdogo. Tangu siku hiyo ubao wenyewe tunauita dagaa. Kisha akausimamisha kando yake. Futi tano kasoro. Ncha ikamfikia begani.

Nilingoja apige kelele za furaha. Aliuzunguka mara mbili, akaulaza sakafuni, akalala juu yake, na miguu ikabaki nje yote kama ya mtu aliyelala kitanda cha mwanasesere. Akasema taratibu, bibi, baba anamkumbuka mtu mwingine. Nikamwambia labda wenzako wa karakana walichanganya mbao. Akasema baba hakosei vipimo. Na kweli hukosei. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ulipomtazama kaka yake Bi Eudocia akipita, ukaniambia mama, yule amepungua kilo tatu, na kumbe alikuwa mgonjwa hata mkewe hajajua.

Ningekuwa mtu mwema ningesema neno palepale. Sikusema. Shika hilo nalo.

Ubao wake wa siku zote, ule wa futi saba kasoro uliomkaa kama kiatu, akauweka kwenye mbao za wageni. Akaanza kuingia na wako. Akiukalia, maji yanamfika kwapani. Akipiga mikono, unazama mbele kama punda anayekataa mzigo. Mawimbi yetu marefu, yale ambayo mtoto huyu alikuwa anayapanda toka kwenye mwamba mpaka gatini akiimba, yakawa yanapita chini yake na kumwacha. Wenzake nao hawakumwonea huruma. Wewe Marilú, umeazima sahani ya nani? Marilú, huo ubao umeukalia au umeusahau nyumbani? Alikuwa anageuza ubao na kurudi kwenye mawimbi, yeye ambaye ulimi wake ni wa kwangu mtupu.

Halafu akaanza kuacha chakula. Kwanza viazi. Kisha wali. Nikipika samaki na mwani, anakula mwani. Nikamgombeza, nikamwambia mtu hali mwani peke yake kama kobe. Akanijibu bila hasira, ndipo nilipoogopa: ubao si mdogo, bibi, mimi ndiye nimezidi. Nikamvuta kwa mkono mpaka sokoni, nikampandisha kwenye mizani ya samaki mbele ya watu. Hamsini na nane imekuwa hamsini na mbili. (Hamsini na tatu.) Unaelewa, Abelardo? Mtoto anajipunguza aenee kwenye ubao wa baba yake. Mimi nimetumia maisha yangu yote kutafuta ubao wa kumfaa mtu. Sijawahi kuona mtu anayejichonga amfae ubao.

Juzi bahari iliinuka. Bendera nyekundu ilipandishwa asubuhi, na bado vijana waliingia, unawajua. Nikamshikia Marilú ule wa futi saba kasoro, nikamwambia kama ni lazima uende, nenda na huu, leo unahitaji kitu cha kukimbilia. Akanibusu paji la uso, akachukua dagaa, akaenda.

Nilimfuata mpaka maji yakanifika magotini na ule ubao mkubwa nimeukumbatia. Alipiga mikono, alipiga, na hakuwa anakwenda popote. Wimbi la kwanza likamvunjikia. La pili. La tatu likamchukua kuelekea kwenye nguzo za gati, na wewe unajua nguzo zile zina kome wenye makali kama wembe. Ubao uliomfaa ulikuwa mikononi mwangu. Mtoto alikuwa kule. Kati yetu kulikuwa na maji, na mimi siwezi kuogelea hata mahali pa kiuno. Nimewapa mbao wageni wasiohesabika, Abelardo, na siku hiyo nilisimama na ubao kama mtu aliyebeba mlango usio na nyumba. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Bahari haina masikio.

Mzee Casimiro Ucañán ndiye aliyekuwa anarudi na nyavu zake juu ya farasi wa matete. Alimdaka Marilú kwa nywele, akamtupa mbele yake kama furushi, akaja naye mpaka mchangani. Amepasuka kidevu, ameshonwa nyuzi nne. (Tatu.) Casimiro hakumgombeza yeye, alinigombeza mimi, mbele ya gati zima: Zoila, Wajerumani unawapimia vizuri, halafu mjukuu wako unampandisha ubao wa kukatia vitunguu? Nikainamisha kichwa. Mimi, kuinamisha kichwa! Watu walidhani nimepatwa na kiharusi.

Tangu hapo nimefanya kila nililoweza, na nililoweza ni kidogo. Niliuficha ubao bwawani kwenye matete, akaufuata kwa kunusa nta anayoupaka usiteleze. Nilimwita padri, padri akazungumza naye kuhusu subira, na Marilú akamsikiliza kwa adabu huku anapaka nta. Nikamwambia nitauchoma. Akasema choma, bibi, nitabaki na majivu, lakini nikikutazama nitakuwa nakuona kiberiti. Mwisho nilimuuliza nini kitamfanya auache. Akanijibu: baba aseme mwenyewe kwamba alikosea. Kama hakukosea, basi nitaendelea kupungua mpaka nimfikie yule anayemkumbuka.

Bahari itakuwa hivi mpaka mwezi wa tisa. Ndiyo maana naandika. Simu ya duka la dawa la Bi Eudocia haifai, watu wamepanga foleni nyuma yangu wananikodolea macho, na ulimi wangu umeshazoea kusema yale yale kwenye simu ile.

Sasa Marilú, andika, usisimame.

Hukukosea, Abelardo. Mimi ndiye niliyekudanganya.

Ulipopiga simu mwezi wa pili, ukaniambia nimpime kwa siri kwa sababu ni zawadi, nilikwenda nyumbani, nikaichukua kamba nyuma ya jiko, nikarudi nayo dukani. Vidole vyangu vililifikia fundo la mwisho. Vilikaa pale. Kisha vikarudi nyuma, fundo moja, mawili, mpaka matano. Nikakuhesabia kutoka pale, kwa mkono wangu ambao unaujua: shibiri saba. Ukauliza uzito, nikasema thelathini na nane. Ukairudia namba hiyo, nikadhani umenigundua. Ukasema, kumbe amefuata umbo la Rosaura, mfupi. Nikasema ndiyo, amemfuata marehemu mama yake. Mtoto amekufuata wewe, shingo na yote. Ni mrefu kama mlingoti. Na ile picha ya komunyo niliyokutumia mwaka juzi ilikuwa imeshakaa sandukuni miaka mitatu.

Unataka kujua kwa nini. Ni komeo.

Marilú hajui habari hii, kwa hiyo nawaambia wote wawili kwa pumzi moja. Asubuhi ile uliyoondoka, yeye amelala, ulisimama mlangoni na mfuko wako. Ulishika komeo la mlango, lile ulilolipigilia juu mwenyewe alipokuwa anatambaa, asije akafungua akaenda baharini. Ukaniambia: mama, huko nitakaa chumba kimoja na wanaume wanne, si mahali pa mtoto. Lakini kichwa chake kikifika hapa atakuwa mtu mzima wa kutosha, nitapanga chumba chetu, nitakuja kumchukua. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu kichwa chake kilikuwa mbali sana na komeo.

Alilifikia baada ya miaka miwili. Niliona asubuhi moja amesimama pale anasukutua mdomo, utosi na komeo viko sawasawa. Siku hiyo hiyo nikachukua bisibisi ya baba yako, nikalipandisha shibiri moja. Baada ya miaka miwili mingine akalifikia tena. Safari hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia skrubu. Nilimwambia ni kwa ajili ya mbwa wa jirani aliyejifunza kufungua milango, na mtoto wangu huyu akacheka, akanikabidhi skrubu moja moja.

Wewe kila Krismasi unauliza, mama, amefika komeo? Nami najibu, bado. Na haikuwa uongo, hiyo ndiyo hila yake. Hakuwa amefika. Komeo lilikuwa linamkimbia.

Eleuterio amechukuliwa na bahari. Rosaura na homa. Wewe na basi. Nilibakiwa na mmoja, na nyumba ya mtu mmoja si nyumba, ni sanduku. Nikamficha mtoto wako ndani ya kipimo cha zamani, nikadhani huko hataumia. Nilidhani nimedanganya urefu tu. Sikujua kwamba yeye ataamini umemsahau, na atakaa na njaa ili afanane na kosa langu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikaribia kuumbuliwa na kifo cha mwingine.

Hapa aliweka kalamu chini, akatoka. Haya yanayofuata nayasema baadaye, amerudi ameketi. Hanitazami. Nimemwambia kama anataka kunitukana anitukane, nimezoea kutukana, ni haki na mimi nionje. Anaandika tu, na mimi sijui kusoma, kwa hiyo sijui kama anaandika ninayosema au yake. Kama humu mna maneno yasiyo yangu, yapokee, ni ya mwanao.

(Baba, nimeandika kila neno kama alivyosema. Nilikwenda mlangoni. Mashimo ya skrubu ya zamani yapo, ameyaziba kwa sabuni ya kufulia. Yale ya chini kabisa, ya kwako, yananifika mdomoni. Sijui niandike nini tena.)

Nilimwomba alale sakafuni nimpime upya. Nilidhani atakataa. Alilala, akafumba macho, nami nikanyoosha kamba mpya, nikarudia mara tatu kwa sababu sikuwa naona vizuri. Kamba hiyo imo ndani ya bahasha. Fundo la kwanza ni utosi, shibiri nane na nusu. La pili ni vidole mikono ikiwa juu. La tatu ni upana wa mabega. Uzito andika hamsini na nane, usiandike wa sasa. Mtengenezee ubao wa uzito wake wa kweli, mnene pale kifuani, wa futi saba kasoro kama ule wa zamani, wa bahari yetu hii ya kivivu inayoamka na hasira. Lakini kabla ya kushika chombo chochote, mpigie simu kwa Bi Eudocia, umwambie auache dagaa. Mwambie leo. Ubao huo bado umeegemea mlangoni, na bahari haijashuka.

Akitaka kuja kwako, sitamzuia. Sijamuuliza. Mdomo wangu unaothubutu kumuuliza Mjerumani kilo zake hauthubutu kumuuliza mtoto huyu neno moja.

Casimiro anakusalimu, na anasema akikuona atakutandika kwa kasia. Bi Eudocia anakusalimu, na nguruwe wake. Rosaura nimemsalimia kwa niaba yako, kwa kuwa wewe huendi. Funga kitambaa puani.

Na ukija, usilete ubao uliokwisha kutengenezwa. Njoo mikono mitupu, umlaze mchangani, umpime mwenyewe. Ila njoo na bisibisi, ya baba yako imekufa meno. Nimelipandisha komeo mpaka mimi mwenyewe nalifikia kwa kusimama juu ya kreti ya bia, na goti hili halipandi kreti tena, kwa hiyo mlango haufungwi. Usibishe hodi. Sukuma uingie, uliteremshe komeo mpaka pale ulipoliweka, ndipo tukumbatiane.

Mama yako,
Zoila Huamanchumo